Hata Kitunguu Kimoja Hakikulowa

Shambani, 2 Aprili

Kitinda mimba wetu,

Salamu nyingi. Najua umesikia redioni kwamba mto umevunja kingo, na ninavyokujua chakula hakipiti kooni. Kwa hiyo naanza na hili: mimi sijambo na shamba halijambo. Maji yalikuja, yakatazama, yakapita kwa jirani. Vitunguu vimesimama mistari yote. Hata kitunguu kimoja hakikulowa.

Simu hunipati kwa sababu mnara umelala chini, na daraja nalo limeondoka. Nazunguka kwa njia ya juu mpaka sokoni, barua nampa dereva wa gari la maziwa. Anapita mbele ya ofisi yenu, na wewe mpe yeye majibu.

Jirani yangu mfuga bata amepata hasara, masikini, ingawa bata wenyewe wamenenepa. Fundi cherehani wa pale sokoni yuko salama, duka lake liko juu, mto haukumfikia. Unamkumbuka Fundi, yule mjane ninayempelekea suruali. Nilipita kumjulia hali, akaniuliza habari za shamba, nikamwambia kama nilivyokuambia wewe. Akasema, "Afadhali wewe, maana wiki hii nimesikia vilio vya kutosha." Kisha akacheka. Anacheka pini zikiwa mdomoni, na hazidondoki hata moja. Sijui anafanyaje.

Swali dogo la kupitisha wakati: hizi fomu za msaada wa maafa kwa wakulima, huko ofisini kwenu anazisoma nani? Jirani anauliza.

Kaka yako,
Sijambo


Ofisi ya maafa, 6 Aprili

Kaka yangu Sijambo,

Barua yako nimeisoma nimesimama mlangoni, dereva wa maziwa akinisubiri kama vile yeye ndiye aliyeiandika. Nimecheka, nikalia kidogo, nikacheka tena. Unajua jina la Sijambo tulikupa siku ulipoanguka kutoka juu ya paa, mkono umevunjika unaning'inia, na mama alipokukimbilia ukamwambia "sijambo". Kwa hiyo neno hilo likitoka kwako huwa nalipima kwanza. Lakini safari hii nimeamini, maana nilitaka sana kuamini.

Mwambie jirani fomu tunazisoma wawili, mimi na mwenzangu wa miwani. Na asiogope kujaza! Unakumbuka msaada wa ule ukame? Pesa zilikwenda kwa mashamba hewa. Mwenye duka la magodoro alilipwa ng'ombe ambao hakuna mtu aliyewahi kuwasikia wakilia, na wenye mifugo ya kweli wakaambiwa fungu limekwisha. Sasa kuna utaratibu mpya, na nimepewa niusimamie mimi. Kila anayelipwa, jina lake, alichopoteza na kiasi atakachopata vinabandikwa ukutani, hapa ofisini na kule sokoni kwenu, kwa herufi kubwa. Mwenye pingamizi anaandika na kutia sahihi, na pingamizi lake nalo linabandikwa pembeni. Halafu kunakuwa na kikao cha wazi, anayetaka kusikia anakuja na kiti chake.

Ukuta nimeupaka rangi kwa mikono yangu. Kaka, miaka yote hii kazi yangu imekuwa kufungia mafaili kabatini, sasa nalipwa kuyafungua. Naamka asubuhi natamani kazi kama mtoto anayetamani kucheza. Usinicheke.

Nisalimie Fundi. Na suruali zako mbona zinachanika sana siku hizi?

Mdogo wako


Ofisini, 16 Aprili

Kaka,

Leo sikusalimu.

Asubuhi nimechukua fomu iliyofuata kwenye rundo. Ekari tatu za vitunguu, zote zimekwenda. Ghala na mavuno yaliyokuwa ndani. Pampu ya maji. Nikasema masikini wa Mungu, huyu ameumia kweli. Nikatazama jina. Nikaenda stoo, nikafunga mlango, nikakaa juu ya ndoo.

Mto ulipita kwa jirani, au ulipita kwenye fomu tu? Yule mwenye magodoro alikuwa na haya kidogo kukushinda. Yeye hakumwandikia dada yake barua ya kumweleza kuwa ng'ombe hawapo.

Nimemwambia mwenzangu wa miwani kuwa wewe ni ndugu yangu wa tumbo moja, faili lako silishiki. Atalishika yeye, na atakuja na mkaguzi kutazama shamba. Kama uliyoyaandika humo ni uongo, njoo uyafute mwenyewe kabla hawajafika. Nakuomba. Nilijisifu kwa watu wote hapa kwamba ukuta wangu hautabeba hata shamba hewa moja.

Mdogo wako, kwa sasa


Shambani, 19 Aprili

Mdogo wangu,

Toka kwenye ndoo. Fomu ni ya kweli. Barua ndiyo iliyokuwa ya uongo.

Maji yaliingia alfajiri. Vitunguu havikuzama, vilielea. Ulishawahi kuona ekari tatu zikiondoka zimeshikana mikono? Ghala lilijaa mpaka dirishani. Pampu sijui iko nchi gani. Niliokoa jembe, redio, na godoro ambalo sasa lina uzito wa ng'ombe. Mkaguzi aje hata leo, nitampa viatu vya mvua.

Kwa nini nilikudanganya wewe? Kwa sababu nilishamdanganya Fundi, na uongo ukishaanza unataka wenzake. Kwa nini nilimdanganya Fundi? Basi nitasema. Mwaka jana nilikaa pale dukani kwake nikisubiri pindo, mteja mmoja akamuuliza kwa nini haolewi tena. Akajibu, "Marehemu nilimuuguza miaka minne. Nilimpenda, na nimechoka kubeba mtu." Nikasema moyoni, mimi sitabebwa. Nitakwenda kwake nimesimama kwa miguu yangu miwili, na ekari tatu nyuma yangu. Nilikuwa nangoja kuuza mavuno haya nimwambie. Na suruali nazichana mwenyewe kwa kisu, kwa kuwa umeuliza.

Sasa nakuomba kitu kimoja tu. Nilipeni, lakini jina langu lisipande ukutani. Andikeni "mkulima mmoja". Andikeni namba. Nimeambiwa ukuta wa kule sokoni unatazamana na mlango wa duka lake! Atainua kichwa kutoka kwenye cherehani na kunisoma.

Kaka yako anayekutegemea


Ofisini, 22 Aprili

Kaka yangu mpenzi,

Kwanza nisamehe kwa yule mwenye magodoro. Pili, pole. Pole sana, pole kwa kila kitunguu. Nimekutumia blanketi na viatu, dereva wa maziwa anavyo. Tatu, hapana.

Hapana, kaka. Nikikuficha wewe kwa sababu unachumbia, kesho mwenye magodoro atakuja kuniambia naye anachumbia. Hata hivyo siwezi, faili lako haliko mikononi mwangu, na hata lingekuwepo nisingefanya. Usinikasirikie. Ukuta ule ukikubali "mkulima mmoja", mashamba hewa yote ya wilaya yatahamia hapo kabla ya jua kuzama.

Lakini nikushauri kama mdogo wako. Waliosema mficha maradhi kifo humuumbua hawakusema bure. Majina yanabandikwa Ijumaa ijayo. Una wiki nzima. Nenda ukamwambie Fundi kwa mdomo wako kabla ukuta haujamwambia. Usichukue suruali. Ingia mikono mitupu, kaa, sema.

Mdogo wako anayekucheka na kukuonea huruma kwa pamoja


Sokoni, 5 Mei

Mdogo wangu,

Nilikwenda Jumatatu, nikachukua suruali. Jumatano nilichukua koti. Alhamisi nilikwenda mikono mitupu kama ulivyosema, akaniuliza, "Leo nini kimechanika?" nikasema kofia, na sikuwa na kofia.

Ijumaa mlibandika.

Nilijificha nyuma ya kibanda cha mkaa. Alitoka na futi yake shingoni, akasoma jina langu, akasoma ekari tatu, akasoma ghala, akasoma kiasi. Alisoma tena tangu mwanzo. Kisha akaingia ndani, akafunga duka mchana kweupe.

Na leo kuna karatasi nyingine pembeni ya jina langu. Nakunakilia: "Mimi fundi cherehani wa soko hili napinga malipo haya. Mwenye shamba aliniambia kwa kinywa chake, baada ya mafuriko, kwamba hata kitunguu kimoja hakikulowa. Mama yangu alikosa msaada wa ukame kwa ajili ya watu waongo. Naandika haya bila furaha." Sahihi yake iko chini, imenyooka kama mshono.

Mdomo umeniponza. Malipo yamesimamishwa mpaka kikao. Hilo si kitu. Mdogo wangu, ananiona mwizi.

Sijambo, ambaye hajambo kwa jina tu


Sokoni, 7 Mei

Kwa karani wa ofisi ya maafa,

Dada, hatujuani. Mimi ndiye niliyeandika pingamizi juu ya kaka yako. Nimeambiwa na dereva wa maziwa kwamba wewe ni dada yake, nikaona aibu, lakini sikuona sababu ya kulifuta. Nikipima kiuno kikawa inchi arobaini, siandiki thelathini na nane ili mteja afurahi.

Nataka kuuliza swali moja, na hili si la ofisi. Yeye ni mtu wa namna hiyo? Nimekaa naye dukani saa nyingi, nikishona matambara ambayo najua amechana mwenyewe kwa kisu. Sikuwahi kumsikia akisema jambo baya juu ya mtu. Tangu nilipotia sahihi ile sijashona mshono ulionyooka.

Fundi


Ofisini, 9 Mei

Dada Fundi,

Mimi ni dada yake, kwa hiyo sitakiwi kusema neno, la kumtetea wala la kumchongea. Ulivyofanya ndivyo ukuta ulivyowekwa kufanya, na usione aibu.

Njoo kikaoni. Kaa mbele. Zaidi ya hapo naziba mdomo kwa mikono yote miwili, na mikono yenyewe inaniuma.

Karani


Shambani, 17 Mei

Mdogo wangu,

Kikao kimekwisha. Kwa kuwa wewe umekatazwa hata kuchungulia, acha nikusimulie.

Ukumbi wa soko ulijaa, watu wamekuja na viti, vigoda, na mmoja na kreti ya soda. Mwenyekiti akasoma pingamizi. Akasema mkaguzi alikuta matope, ila vitunguu hakuviona vikiondoka, akauliza kama nina shahidi wa hasara yangu. Kabla sijafungua kinywa, mfuga bata akasimama.

"Mwenyekiti, bata wangu walikuwa wanaogelea ndani ya ghala la huyu bwana. Mmoja ametaga kwenye kitanda chake."

Muuza mkaa naye akainuka: "Huyo? Huyo hana kitu! Sufuria anayopikia ni yangu!"

"Sufuria ni nini?" akasema mke wa mfuga bata. "Shati alilovaa ni la mume wangu!"

Watu wakacheka mpaka mwenyekiti akagonga meza kwa kiatu. Halafu wakaanza kushindana. Kila mmoja alitaka kuonyesha kuwa mimi nimefilisika kuliko alivyosema mwenzake. Kuna aliyeniona nikikimbiza vitunguu majini kwa wavu wa mbu. Kuna aliyesema nilipata vinne, na vyote vilikuwa vyake. Nilisimama pale mbele nikivuliwa nguo na watu wanaonipenda, na sijui nikuambieje, nilianza kucheka na mimi. Sijacheka hivyo tangu maji yaingie.

Mwenyekiti akauliza, "Kama wote mnajua, huyu fundi alikosaje kujua?"

Mfuga bata akakuna kichwa. "Tulisikia alichomwambia Fundi. Na tulijua anachumbia. Tukakubaliana kufunga midomo, aoe kwanza."

Ukumbi ulilipuka! Nikatamani bata warudi wanizamishe. Fundi alikuwa mstari wa mbele, hakucheka. Mwenyekiti akamuuliza kama anaondoa pingamizi. Akasimama, akasema, "Nilisema nilichoambiwa. Sasa nimesikia cha kweli. Naondoa." Akachukua mkoba wake, akatoka bila kunitazama.

Kwa hiyo nimepata pesa za pampu, mbegu na bati za ghala. Mwenzako wa miwani amenipa mkono. Majirani wamenibeba mpaka njia panda wakiimba. Lakini mlango wa duka la Fundi umefungwa, nami sina ujasiri wa kugonga.

Kaka yako


Sokoni, 20 Mei

Kwa Sijambo,

Dereva wa maziwa hatapumzika mwaka huu.

Nilikuwa na hasira nikingoja ipoe, maana sitaki kukuandikia barua ya hasira halafu nimkimbilie dereva anirudishie. Imepoa nusu. Nusu iliyobaki itakusikiliza.

Soko zima lilijua. Mkaa alijua, bata walijua, serikali ilijua tangu Aprili, umeiandikia kila kitu mpaka idadi ya bati. Mimi peke yangu sikujua. Na unajua kwa nini? Kwa sababu mimi peke yangu nilikuamini. Siku ile ulisimama mlangoni kwangu na matope mpaka magotini, ukasema hata kitunguu kimoja hakikulowa, nami nikasema moyoni, mtu mwema huyu, shamba lake limepona na bado ametoka kuwachimbia wenzake matope. Neno lako niliona ni zito kuliko matope niliyokuwa nayatazama. Ndiyo sababu nilipokusoma ukutani nilifunga duka. Niliona nimepoteza mtu.

Nasikia uliwahi kunisikia nikisema nimechoka kubeba mtu. Dada yako ameniambia, sasa kikao kimekwisha na mdomo wake umefunguliwa, na haufungiki tena. Nilisema hivyo, kweli. Marehemu alinificha maradhi mwaka mzima kabla sijaanza kumuuguza. Alisema sijambo, sijambo, mpaka akaanguka. Kilichonichosha ni ule mwaka, si ile minne.

Kama umepata hasara, niambie. Ukipata faida, niambie. Ukiogopa, niambie. Suruali nitakushonea hata ukizichana. Lakini sitaki kuwa mke wa kusoma habari za mumewe ukutani.

Umeona nimeandika mke. Nimeandika kwa makusudi, wala sijafuta. Sasa niandikie barua yenye ukweli kama ile fomu, kisha tutaona.

Fundi


Shambani, 21 Mei

Fundi,

Naanza, na sirembi.

Ghala halina paa mpaka bati zifike. Nina pampu moja mpya na ninaiogopa kuiwasha. Nina suruali nne. Umri wangu uongeze miaka mitatu kwenye ule niliokutajia. Jino la nyuma limetoboka, nimelificha kwa kutafunia upande mmoja. Radi ikipiga naingia chini ya meza, na mfuga bata ni shahidi. Kupika sijui, nikisema najua usikubali. Deni la mbegu za msimu uliopita nimelilipa jana kwa pesa ya msaada, na iliyobaki inatosha ekari mbili, si tatu.

Nakupenda. Hili lingetakiwa liwe la kwanza, lakini nilianza na bati.

Na kuna lililobaki, ambalo fomu haikuwa na nafasi yake. Alfajiri ile maji yalipofika dirishani nilipanda juu ya ghala, nikakaa pale peke yangu nikitazama vitunguu vikiondoka. Sikuvilia. Nilikuwa nakuwaza wewe. Nikasema, Mungu akinishusha salama hapa, siendi nyumbani, siendi kwa jirani, naenda moja kwa moja kwa Fundi nikamwambie sina kitu tena na naomba anikubali hivyo hivyo. Maji yakapungua, nikashuka, nikazunguka njia yote ya juu na matope yangu, nikilirudia neno hilo njiani nisilisahau. Nikafika mlangoni kwako. Ukainua kichwa, pini mdomoni, ukaniuliza, "Shamba lako vipi?"

Nilikuwa nimekuja kukuambia.

Nakuja Jumamosi nilimalizie.

Wako